Tuseme Ipo ya Mwisho

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia historia hii inasomwa na mdogo wa marehemu, yule mzururaji wa ukoo aliyepotea njia katika kila mji aliofika, ambaye hesabu alifundishwa na marehemu mwenyewe zikagoma kuingia, kwa hiyo tarehe zikigongana lawama si za marehemu.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari, kisha chuo cha ualimu alichomaliza Novemba 1979, na tarehe 8 Januari 1980 akaanza kufundisha hesabu katika sekondari ya karibu na stendi, chumba cha mwisho wa baraza, hadi alipostaafu mwaka 2017. Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule, shemeji yetu huyu, wakajaliwa binti mwaka 1986 na mtoto wa kiume mwaka 1990.

Wanafunzi walimwita Kwa Nini, kwa ajili ya mchezo wake: mmoja anashika chaki na kuthibitisha jambo mstari kwa mstari, mwingine, aitwaye Mbishi, anakaa kiti cha nyuma na rula, akiona mstari hauna sababu anagonga dawati na kuuliza, "Kwa nini?", na mwenye chaki akishindwa, chaki inakwenda kwa Mbishi, wala hakuna mwingine anayeruhusiwa kumalizia. Watoto waliozoea kukariri wakanoleka hadi mama zao wakaja kulalamika kwamba sasa mtoto hatumwi dukani bila kudai uthibitisho.

Tarehe 23 Oktoba 2001 ilikuwa zamu ya binti wa fundi redio, aliyekuwa chanda na pete na binti wa marehemu, athibitishe kwamba hakuna namba kubwa kuliko zote, akaandika, "Tuseme ipo ya mwisho," na Mbishi wa siku ile, binti wa marehemu, akagonga rula na kumtania, "Haya shoga, umeshaikubali mwenyewe, utaikataaje sasa?" Mwenzake akacheka, akainua chaki, kengele ikalia, na marehemu, mtu wa sheria, akasema, "Utamaliza kesho, mama." Jioni ile mvua ikanyesha, ukuta wa kwao binti wa fundi redio ukamwangukia, akafa.

Mstari ule haukufutwa tena, marehemu aliukoleza kila ulipofifia, na aliyemrithi akafanya vivyo hivyo. Katikati ya somo marehemu alikuwa akigeukia kiti cha nyuma kama aliyesikia rula, mfagiaji akakataa kuingia mle peke yake, na sisi tulipomtania kwamba anafundisha mizimu, alijibu kwa upole kwamba dhana isiyokanushwa inabaki imesimama, na kwamba mwenye haki ya kuikanusha ni Mbishi wa siku ile tu. Lakini binti yake, kila alipoombwa amalizie, alisema, "Baba, nikimaliza mimi, yeye hatakuwa na cha kurudia."

Februari 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na tarehe 7 Juni, binti akimnywesha maji, aligonga chuma cha kitanda kwa kidole, akauliza, "Kwa nini haipo?" Binti akalia kwanza, kisha akajibu, "Kwa sababu, Baba, ukishaipata tu, unaongeza moja." Tarehe 9 Juni, alfajiri, akatutoka.

Jana mchana binti aliingia katika chumba kile, akaandika chini ya mstari wa rafiki yake, "Ongeza moja. Imepatikana kubwa zaidi. Kwa hiyo ya mwisho haipo," akaweka chaki chini, nasi sote tukageukia kiti cha nyuma, tukasubiri, na rula haikugonga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti na sufuria, walimu wenzake waliotupa ufunguo wa darasa, na fundi redio, aliyesimama jana mlangoni kofia mkononi hadi mstari wa mwisho.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Ubao tumeuacha hivyo hivyo.