Babu Vigari na Lori la Kijani

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi mliotoka kazini na ovaroli zenu mkaja moja kwa moja hapa, naomba walio juani wasogee kivulini na wenye simu wazizime, kwa sababu familia imenipa mimi, mkwe wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, na mwenyewe aliagiza akiwa na akili timamu kwamba ipo sehemu moja isirukwe, hata kama baadhi yetu tutainamisha vichwa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Babu Vigari, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao, akiwa mtoto wa kwanza wa dereva wa lori na mama mshonaji. Lori lenyewe, la pua ndefu, la kijani, lenye mstari wa njano ubavuni, lilikuwa mali ya baba yake na mdogo wa baba yake kwa pamoja, baba, mtu wa mkono wa kushoto, akiendesha huku akipiga mluzi, na mdogo wake akipakia, na mtoto akipandishwa katikati yao, miguu yake ikikanyaga kipande cha bati ambacho baba yake alikipigilia sakafuni kuziba tundu.

Alianza shule ya msingi Januari 1958, na alikuwa darasa la tatu tarehe 2 Septemba 1960, siku ambayo baba yake aliondoka na shehena ya mbao na hakurudi tena. Zilipita siku kadhaa, ndipo Baba Mdogo, aliyekwenda kumtafuta kaka yake, akarudi kwa miguu, vumbi hadi kwenye nyusi, akamwambia mama wa marehemu kwamba mumewe amekwenda kutafuta kazi mbali, nalo lori limekatwakatwa likauzwa chuma chakavu, kisha akaingia chumba cha pili akamwambia bibi wa marehemu kwamba lori limezama mtoni. Mtoto alikuwa chini ya meza ya cherehani akiokota pini, akayasikia yote mawili.

Tangu hapo alimtilia shaka Baba Mdogo, wala hakuificha. Siku Baba Mdogo alipoleta sare mpya ya shule, mtoto aliikunja vizuri akaiweka nje ya mlango.

"Ivae mwanangu, hiyo ya kwako imechanika," mama yake alimwambia.

"Sivai. Aseme kwanza lori liko wapi."

Neno la mtoto likamkaa mama moyoni, naye akaanza kumwangalia shemeji yake kwa jicho la pembeni, majirani wakaangalia anakoangalia yeye, hata ikawa Baba Mdogo akipita mtaani mazungumzo yanakatika, yakiendelea akishapinda kona. Mama huyo alifariki tarehe 9 Mei 1988, miaka yote hiyo hakuwahi kumkaribisha kiti.

Marehemu alimaliza shule Desemba 1965, na Februari 1967 akaingia kujifunza kazi katika gereji ya kunyoosha bodi na kupiga rangi, akianza kwa kusugua msasa mpaka ncha za vidole zikawa laini kama sabuni, na hakuhama hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Kazi hiyo ilimfunza kwamba gari likipakwa rangi mara nyingi, ukikwangua nyuma ya bawaba ya mlango utazikuta zote zimelaliana, ya juu na za chini yake, na basi kila lori kuukuu lililoingia getini alilikwangua hapo kabla hajamsalimia mwenyewe, na wapo wateja waliodhani ana kichaa kidogo.

Vigari vilimwingia mwaka 1974, alipokuta kwenye meza ya vitu vya mitumba lori dogo la chuma, lenye urefu wa kiganja, la aina ile ile ya lori la baba yake, ila la buluu na lisilo na tairi moja. Alilivua rangi, akalipaka kijani, hakuridhika, akalivua tena. Kuanzia hapo akawa anakusanya, mabasi, pikapu, matrekta, teksi, vyote vya chuma, mfano kamili wa magari halisi, milango ikifunguka na boneti ikinyanyuka, na alijiwekea sharti kwamba hakiingii kigari nyumbani mpaka awe ameligusa kwa mkono wake gari lenyewe. Kwa ajili ya sharti hilo alishikiliwa kituo cha zimamoto, mlinzi akitaka kujua mtu mzima anapapasa bampa ya gari la serikali kwa nia gani, na kwa ajili ya sharti hilo hilo alionekana kwenye msiba wa jirani akilishika gari la maiti ubavuni huku midomo ikitikisika, watu wakadhani anaomba dua, kumbe anataja mwaka lilipotengenezwa.

Alifunga ndoa tarehe 18 Novemba 1978 na mjane aliye mbele yenu, wakati huo karani wa posta, na waliofika kwenye harusi wanakumbuka kwamba walijuana kwa ugomvi.

"Kifurushi changu kimefunguliwa," alimwambia dirishani.

"Kimefunguliwa na mimi, ndiyo kazi yangu."

"Na kigari kilikuwa na kioo cha upande."

"Kaka, kitikise hicho kiboksi kwanza, halafu ndiyo unishtaki."

Alikitikisa, kioo kikaanguka kutoka kwenye karatasi, na wiki iliyofuata akarudi kununua stempu asizozihitaji. Mke naye zamu yake ya kushuku ilifika, maana kila Jumamosi mume alitoka amevaa vizuri na kurudi mchafu, asiseme alikokuwa, mpaka siku moja akajifunga kitambaa kichwani akamfuata kwa mbali. Anasema mwenyewe kwamba alijiandaa kumkuta mwanamke, akakuta uwanja wa magari mabovu na miguu ya mumewe ikitokeza chini ya lori. Hapo ndipo marehemu alipomweleza habari ya baba yake, kwa mara ya kwanza, akiwa bado amelala chali.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 1980, na wavulana wawili, wa mwaka 1983 na 1987, ambao walilelewa wakijua kwamba kabati la vyombo la mama yao si la vyombo tena, na kwamba baba yao hunyunyiza poda laini mbele ya vigari kabla wageni hawajafika, ili ajue baadaye ni mkono wa nani ulioingia.

Sasa nafika kwenye sehemu aliyoiagiza. Tarehe 20 Julai 1996 aliitwa kupaka rangi geti la kiwanda cha matofali nje ya mji, na nyuma ya tanuri akaona lori la pua ndefu lililofungwa tangi la maji, jekundu. Alikwangua nyuma ya bawaba, akakuta buluu, chini yake kijivu, chini yake kijani. Akafungua mlango wa abiria, akafukua udongo kwa mikono, akakiona kile kipande cha bati. Mwenye kiwanda, mzee ambaye ujanani alikuwapo siku baba yake mwenyewe, aliyeanzisha kiwanda, aliponunua lori hilo, alimkuta marehemu amekaa humo, akamuuliza kulikoni.

"Nani aliwauzia hili?" marehemu aliuliza, na alikuwa ameshasikia jibu kichwani mwake muda mrefu.

"Dereva wake. Bwana mmoja wa mkono wa kushoto, anapiga mluzi hata akiongea na watu. Alikuwa na mwanamke ndani ya gari, amepakata mtoto mchanga. Baadaye akaja mdogo wake kulitafuta, tukamwambia, akakaa hapo getini akalia kama mtoto."

Marehemu hakuamini. Aliondoka akisema moyoni kwamba mzee huyo kapangwa, akarudi mara ya pili kumuuliza upya kwa kumgeuzia maswali, akapata majibu yale yale, na mluzi ule ule wa baba yake, ambao mzee aliukumbuka akaupiga. Mluzi ndio uliomshinda. Alikwenda kwa Baba Mdogo akiwa na rangi ya geti kwenye mikono.

"Kwa nini hukusema?"

"Mama yako alikuwa anakuweka wewe mlangoni kila jioni umsubiri baba yako," Baba Mdogo alisema. "Ningemwambiaje? Nikaona bora mnifikirie vibaya mimi, mwaka mmoja miwili, kisha utakua, nitakueleza."

"Na nilipokua?"

"Ulikuwa hupokei salamu yangu."

Marehemu, kwa vile shaka ilikuwa haijamtoka hata hapo, akauliza kwa nini basi alisema habari mbili tofauti siku moja, chuma chakavu huku na mto kule.

"Nilichanganyikiwa. Sikuwa nimezoea kudanganya."

Ndugu zangu, Baba Mdogo amekaa safu ya kwanza, ana miaka themanini na tisa. Yeye ndiye aliyepoteza nusu yake ya lori na heshima yake yote katika mtaa huu, na marehemu ametuagiza tuseme mbele ya wote walioyasikia maneno ya zamani kwamba mzee huyu hakuiba kitu. Hawakupatana kwa siku moja, ilichukua muda, marehemu akimwalika na bado akimchungulia, mpaka siku Baba Mdogo alipolishika lile lori dogo akasema rangi hiyo siyo, ile ilikuwa kama jani bichi la mgomba, na wakakaa wawili barazani kuichanganya upya. Baba yake mzazi, marehemu hakumtafuta. Alisema ameshapekua vya kutosha.

Ugonjwa wa mapafu ulianza kumsumbua mwaka 2018, akalazwa tarehe 11 Juni 2021, na wodini hakubadilika, kila kidonge alitaka kiitwe jina na kisomwe kwenye pakiti, na wakati wa sindano alifuata kwa macho kila kidole cha muuguzi. Asubuhi ya tarehe 26 Juni Baba Mdogo alifika kumwona, muuguzi akampa kikombe cha dawa amnyweshe, na marehemu, ambaye hakuwa amemeza kitu siku hiyo bila kuhoji, alifungua mdomo akanywa, hakuuliza ni dawa gani. Alifariki saa saba mchana, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Baba Mdogo, baba yake wa pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, mafundi wenzake wa gereji walionyoosha na kupaka rangi gari lililomleta hapa bila kuombwa, wafanyakazi wa posta, na majirani mliopika, mlioazima viti, na mliokuja leo asubuhi, mmoja mmoja, kumpa mkono Baba Mdogo.

Baba, mzee wetu, fundi, pumzika kwa amani.