Sahani Zilizojaa Mara Nane

Na Kilonzo Kiema, Kitengo cha Kamera

Tarehe 31 Mei 1996, Bi. Nzilani Muthama atarudisha ufunguo wa stoo ya vifaa vya maigizo baada ya kuubeba kwa miaka ishirini na tisa. Ufunguo huo ameufunga kwa uzi mwekundu wa sufu tangu mwaka 1967, na wanaotaka kumrithi wameanza kuutupia jicho. Watangoja hadi saa kumi jioni ya siku hiyo, wala si dakika moja kabla.

Alizaliwa Tseikuru kwa wafugaji, akaja Nairobi kushona mapazia ya studio, na haukupita muda akawa ndiye anayeulizwa kila kitu kilipo. Aliwahi kuombwa jeneza kwa notisi ya saa moja, akalileta. Aliwahi kuombwa jogoo asiyewika, akaleta kuku jike aliyembandika kilemba cha kitambaa chekundu, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyeandika barua kulalamika. Ni mkali kwa vikombe visivyorudishwa. Mwandishi wa wasifu huu bado anadaiwa kimoja cha mwaka 1979, na anakumbushwa.

Lakini hatuwezi kumuaga bila kusimulia harusi ya Mutomo. Nusu ya wafanyakazi wa leo hawakuwepo, na nusu iliyobaki imekuwa ikiisimulia vibaya.

Ilikuwa Septemba 1984. Kipindi chetu cha vichekesho, Nyumbani kwa Mzee Muli, kilikuwa kimefika mahali pa kumwoza binti wa Muli, na mwongozaji wetu, Bwana Mbugua, alitaka harusi ya mashambani yenye wageni wa kweli. Waumini sitini wa kanisa moja la hapo Mutomo wakakubali kuwa wageni. Tatizo ni kwamba mvua zilikuwa zimekataa, na njaa ya mwaka huo ilikuwa ya ajabu: mtu aliweza kuwa na pesa mfukoni na asipate kibaba cha mahindi cha kununua.

Maagizo ya ofisi yalikuwa mafupi. Sufuria zijazwe mchanga, juu yake utandazwe wali kidogo, na wageni wapeleke mikono mdomoni kama wanaokula. Ndivyo kazi hii inavyofanywa kila mahali, na mwaka mwingine Nzilani angefanya hivyo bila neno. Siku mbili kabla ya kupiga picha, mzee wa kanisa, Jonah Ndululu, alikuja kuuliza ataombea chakula saa ngapi, kwa kuwa watu wake hawali bila kuomba. Nzilani akamwonyesha sufuria.

"Mimi siwezi ambia Mungu asante kwa mchanga," mzee akasema kwa upole, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Nzilani hakuwepo, wala pikapu haikuwepo. Alikuwa ameenda Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, malori yanakosimama. Alirudi jioni na magunia mawili ya mahindi, moja la maharagwe, na mchele. Akina mama wa kanisa wakayatwanga mahindi kutoa maganda, yakachanganywa na maharagwe, na muthokoi hiyo ikapikwa hadi ikaiva sawasawa. Alichompa mwenye lori tulikuja kukijua tulipopiga picha ya zawadi. Blanketi ishirini za stoo, zilizokuwa ziwe zawadi za harusi, zilikuwa zimekwenda, na ule mchanga ulikuwa umehamia ndani ya maboksi ya zawadi. Mjomba wa bibi harusi alipoinua boksi lake alitoa jasho ambalo hakuna mwongozaji angeweza kumfundisha kulitoa.

Tulicheka, lakini mambo hayakuwa ya kucheka. Kutoa mali ya kituo adhabu yake ilikuwa kufutwa, na wiki tatu baadaye bodi ilikuwa imchague mkuu mpya wa stoo, cheo ambacho Nzilani, aliyeshika ufunguo tu, hakuwa nacho bado. Nzilani alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Alijua anachokiweka rehani.

Basi mzee Ndululu akaomba, kamera ikawaka, na wageni wakala. Walikula kwelikweli, vichwa chini, kimya, na picha ikawa ya visogo sitini. Mbugua akasimamisha, akataka turudie, na kwa kuwa picha mpya lazima ianze na sahani zilizojaa, Nzilani akapakua tena. Bibi mmoja aliyeitwa Kavata akamvuta kanga.

"Sasa mbona mnaongeza?"

"Mama, mtu akiangalia kamera tunaanza upya. Na tukianza upya, sahani lazima ijae."

Alimweleza kanuni ya kazi tu, na hiyo ndiyo kauli yake hadi leo. Mara ya pili, Kavata aliikazia macho kamera kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Mara ya tatu ilikuwa zamu ya mzee Ndululu mwenyewe. Kufikia mara ya sita Mbugua alikuwa amevua kofia na kuikanyaga. Betri zilikuwa zinaisha. Akamwambia Nzilani kwamba picha ikikosekana ataandika ripoti, na bodi itaisoma.

Mara ya saba wageni walikuwa wameshiba. Wakaanza kuimba bila kuambiwa, wakacheka, Kavata akainuka kucheza, na hakuna aliyeikumbuka kamera. Ilikuwa picha safi kabisa. Nikiwa nyuma ya kamera nikaona watu kumi na mmoja wamesimama kwenye ua, wamefika wakati huo kutoka mbali kwa miguu. Nzilani alikuwa ameshawaona. Alinitazama mara moja tu. Nikasema kulikuwa na vumbi kwenye lenzi, na sahani zikajaa mara ya nane.

Kwa miaka kumi na miwili niliamini Mbugua hakujua. Blanketi mpya, alizozinunua kwa mshahara wake, zilirudi stoo kabla ya Krismasi, moja moja, na watoto wa Nzilani wanaikumbuka baridi ya mwaka huo. Yeye akawa mkuu wa stoo, nasi tukasema ni bahati. Juzi nilipewa faili lake ili niandike wasifu huu. Ripoti ya Mbugua imo, kwa mwandiko wake: "Nimetumia picha ya saba. Haikuwa na vumbi. Kuhusu blanketi, sikuona kitu. Mpeni stoo." Nimeisoma mara nyingi, na sioni haya kusema nililia.

Asante, Nzilani. Tunakuombea afya, mvua Tseikuru, na uzee usio na haraka. Ijumaa hii tutakuaga kwa muthokoi bwaloni, na kamera itakuwepo. Wageni wote mnaombwa kuiangalia.