Nafasi Namba Tatu

Benchi la kona linatosha watu watano, lakini kwa miaka sijui mingapi limekaliwa na wanne. Mwanzo wa benchi hukaa Meneja, ambaye hajawahi kuwa meneja wa chochote ila alisambaza barua za mameneja mpaka akastaafu. Pembeni yake ni Soli, fundi viatu. Upande wa pili hukaa Kinyozi, na mwisho kabisa Shangazi, mwenye jiko, birika na kahawa. Katikati pana nafasi. Hata mvua ikinyesha, wanabanana wawili huku na wawili kule, na katikati hapaguswi. Hakuna aliyewahi kulizungumza jambo hilo. Shangazi mwenyewe hakuwa amelitia akilini mpaka juzi, watu wa Jiji walipokuja na kopo la rangi wakaandika namba kwenye egemeo, moja hadi tano.

Leo asubuhi barua ya Jiji ilikuwa mapajani mwa Meneja, naye alikuwa anaisoma kwa mara ya tatu, kwa sauti ya mtu anayegawa urithi.

– Maeneo ya umma sasa lazima yaingize mapato. Benchi lililojaa litaachiwa wakaaji wake kwa ada ndogo ya mwaka. Benchi lenye nafasi tupu litakodishwa kwa kampuni ya matangazo, pamoja na kona yake. Ukaguzi ni leo saa nne.

– Na sasa ni saa ngapi? aliuliza Shangazi.

– Tatu na nusu.

Shangazi alimimina kahawa, nyingine ikaishia chini. Kona ikienda, jiko linaenda. Jiko likienda, binti yake harudi chuoni kumalizia uuguzi, naye amebakiza mwaka mmoja tu. Alikuwa na hofu tangu alfajiri na wala hakujisumbua kuificha.

– Kinyozi, si ulisema utaleta mteja akae hapo katikati?

– Nilimleta. Akainama akae, akanyanyuka haraka, akasema "samahani," akaondoka na ndevu upande mmoja.

– Samahani kwa nani?

– Ndiyo najiuliza. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Soli aliacha kugonga msumari. Meneja akakohoa, kwa sababu kimya humuumiza.

– Mimi najua siri yake. Hiyo nafasi ilikodishwa zamani. Kuna mtu anailipia kila mwaka na hajawahi kuonekana. Barua zake nimezipeleka kwa mikono yangu hii.

– Wewe ulizipeleka, hukuzifungua, alisema Soli.

– Bahasha ukiishika muda mrefu, inakwambia.

– Acha hizo, Soli alimkata. Sikilizeni niwaambie. Wameanza na benchi, watakuja kwenye kivuli. Utakata tiketi kusimama chini ya paa la duka. Kisha mwangwi. Ukimwita mtu barabarani, sauti ikagonga ukuta ikarudi, unalipia kwenda na kurudi!

Meneja alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Kinyozi hakucheka.

– Nyie mnafanya mzaha. Yale makaburi ya zamani si yalikuwa eneo la umma?

– Yalikuwa.

– Na leo si maegesho ya magari, unalipia kwa saa?

– Ndiyo. Kwa hiyo?

– Kwa hiyo waliokuwemo walihamishiwa wapi?

Soli alitazama viatu vyake. Meneja aliikunja barua, akaikunja tena.

– Kwenye mabenchi, alisema Kinyozi polepole. – Mmoja mmoja. Jiji haliachi kitu kikae bure.

– Wee! Mdomo wako huo! alisema Shangazi.

– Basi Kinyozi ajisogeze yeye, maana yuko karibu, alisema Meneja.

– Soli naye yuko karibu.

– Mimi goti linauma.

– Kwani unakalia goti?

Shangazi aliona dakika zinayoyoma kwa upuuzi. Akaweka birika chini.

– Wanaume wazima, ovyo kabisa!

Alikwenda mbele ya namba tatu, akageuza mgongo, akaanza kujishusha. Mkono aliupeleka nyuma kutafuta ubao. Haukufika kwenye ubao. Ulisimama juu kidogo, kwenye kitambaa, na ndani ya kitambaa palikuwa na joto la goti la mtu.

– Samahani, alisema Shangazi, kabla hajajua kama amesema.

Alirudi kukaa mwisho wa benchi. 

Saa nne kamili alifika karani wa Jiji, msichana mwenye fomu na muhuri, mgeni kabisa mtaani.

– Shikamooni.

– Marahaba, walijibu wote, kwa sauti ndogo.

Karani aliwahesabu kwa ncha ya kalamu.

– Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Limejaa. Hongereni sana, kwingine nimekuta matupu.

Meneja alifungua mdomo kumsahihisha, Soli akamkanyaga. Shangazi alishusha pumzi. Alifurahi, kweli kabisa alifurahi, na furaha yenyewe ikamtisha.

– Nichukue majina tu nigonge muhuri. Pasipo na jina nalazimika kuandika ni patupu.

Meneja alitaja jina lake la kuzaliwa, ambalo wenzake hawakuwahi kulisikia. Soli akataja lake. Karani akasogea katikati. Aliinama, akatega sikio, akaitikia kwa kichwa kwa adabu. Kalamu haikuandika.

– Mzee anasema nimuulize Shangazi, kwamba mmekaa naye muda mrefu. Anaitwa nani?

Kinyozi aliinamisha kichwa. Shangazi angeweza kubuni jina lolote, na kona ingebaki yake. Lakini mwenye jina alikuwa pale anasikiliza, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza anaitwa nani. Haya zilimjaa usoni kuliko hofu. Karani aliendelea kusubiri, kalamu juu ya mstari wa tatu.