Ulezi Umeshalowekwa

Redio ya dereva ilipotangaza kwamba walinda amani walioko Kongo wameongezewa mwaka mmoja, kisha wataanza kuondoka, mama wa mbele yangu alipiga kigelegele, abiria wa kosta nzima wakageuka. "Mwanangu Vitus yuko huko, anarudi!" alimwambia mzee wa kiti cha pembeni, ambaye hata hakumjua.

"Mama, wameongeza hao."

"Wameongeza ili wafunge kazi vizuri, baba. Ulezi wa pombe ya kumpokea nimeshauloweka."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Na mwaka jana?"

"Niliuloweka pia. Wakaongeza."

"Pombe mkaimwaga?"

"Imwagwe kwetu Msanzi? Majirani waliimaliza, wakamwombea Vitus." Ninavyowajua watu wa Msanzi, waliomba aongezewe muda tena.

"Basi safari hii subiri kwanza umwone kwa macho."

"Akute mtungi mtupu? Atasema mama yake alikata tamaa."

Tulipofika Msanzi mama alishuka akicheka. Mzee, aliyelipa nauli ya kufika Kasanga, mbele zaidi, akachungulia dirishani. "Mama, itaiva lini?"

"Jumapili, baada ya misa! Vitus asipofika, utakalia kiti chake."