Shaka ya Mama Elizabeti Shekiondo

Wasifu huu umeandikwa na Ruthi, mdogo wa marehemu, kwa agizo la marehemu mwenyewe. Alipoulizwa kwa nini asiandike Wilfred, mwanawe wa kiume mwenye elimu ya chuo, alijibu, "Wilfred ataandika kwamba nilikuwa mpole." Basi isemwe mapema, mbele ya Mchungaji na mbele ya jeneza: Elizabeti hakuwa mpole. Alikuwa mwema, na alimtilia shaka kila kiumbe mwenye ulimi.

Elizabeti Yonathani Shekiondo alizaliwa Amani tarehe 3 Machi 1949, mtoto wa pili wa Mzee Yonathani, mtunza miche katika kituo cha utafiti, na Mama Ana. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1957 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1964. Hakuwahi kunakili kazi ya jirani yake darasani. Si kwa uadilifu, ila kwa sababu hakuamini kwamba jirani amepata.

Tarehe 16 Oktoba 1971 alifunga ndoa na Mwalimu Zebedayo Shemboko, akahamia naye Mwera, ng'ambo ya mto Pangani. Kabla ya kutoa jibu la posa alimtuma Ruthi kwa watu wa bwana harusi, akajifanye anatafuta mbegu za maharage, kumbe anachunguza kama Mwalimu hana mke mwingine. Ruthi alirudi na maharage na habari njema. Elizabeti akauliza, "Nani amekuambia? Ndugu zake?" Akamrudisha akaulize majirani. Ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini, hadi Mwalimu alipotangulia mbele ya haki mwaka 2011, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Wilfred na Loveness.

Alifundisha elimu ya watu wazima, akalima minazi na mihogo, na mwaka 1996 akateuliwa kuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo, wale ambao sisi tunawaita wazee wa baraza. Vijana waliopo hapa huenda hawajui uzito wa kiti kile. Siku zile hakimu wa mahakama ya mwanzo hakuamua peke yake. Alikaa na wazee wawili, na kura zao zilikuwa sawa na yake. Wawili wakisema hapana, hapana ndiyo hukumu, hata hakimu akinuna. Wakili hakuruhusiwa kuingia mle. Mtu alisimama na mdomo wake mwenyewe, na Elizabeti aliutazama huo mdomo.

Mwezi Mei 2004 aliletwa Innocent, kijana wa kambi ya mkonge, kwa shtaka la kuiba jenereta ya Bwana Miraji, mwenye duka. Mashahidi wawili walieleza walivyomwona ameibeba usiku, na maelezo yao yalifanana neno kwa neno. Innocent alisema hakuiba. Alipoulizwa alikuwa wapi usiku ule, akanyamaza.

Elizabeti aliomba ruhusa ya kuuliza. Akamwambia shahidi wa kwanza, "Anza mwisho, mlipoagana majumbani, kisha uje nyuma pole pole hadi mwanzo." Shahidi akakwama. Akamtazama mwenzake aliyekuwa nje, akichungulia dirishani. Wa pili naye akakwama palepale. Hakimu aliona hatia, wazee wote wawili wakaona shaka, na Innocent akaachiwa kwa kura mbili kwa moja.

Bwana Miraji akakata rufaa mahakama ya wilaya. Huko hakuna aliyemwona shahidi. Ilisomwa karatasi tu, na kwenye karatasi mashahidi walikubaliana, basi Innocent akafungwa mwaka mmoja. Elizabeti alikasirika hadi akashindwa kula. Mbele ya Mwalimu alisema maneno ambayo baadaye yalimfanya ajulikane hadi Pangani mjini: "Kwenye karatasi wanakubaliana. Kwenye uso walikuwa wanakumbushana!"

Kaka yake Innocent akaipeleka rufaa Mahakama Kuu. Jaji alikuta swali lile la Elizabeti, ambalo wilayani walilipita tu, limeandikwa kwenye kumbukumbu, na kuduwaa kwa mashahidi nako kumeandikwa. Akasema kwamba waliowaona mashahidi ndio wenye kujua nani wa kuaminiwa, akarudisha hukumu ya mahakama ya mwanzo. Innocent alitoka gerezani Februari 2005. Bwana Miraji alitaka kupanda tena hadi Mahakama ya Rufani, lakini kesi iliyoanzia chini kabisa haifiki kule mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kuwa kuna hoja ya sheria. Hoja haikuwepo, kulikuwa na jenereta tu. Mambo yakaishia hapo.

Wengi mnadhani hadithi hii ni ya mama aliyemwokoa kijana wa watu. Ngojeni kwanza.

Mwaka 2008 Innocent, sasa fundi magari Muheza, alikuja Mwera na wazee wake kumposa Loveness. Nyumba nzima ilifurahi, tukisema Mungu hana mchezo. Elizabeti akawakaribisha, akawapa chai na mihogo, kisha akasema hapana.

"Lakini mama," Loveness alilia, "wewe ndiye uliyemwachia!"

"Nilimwachia kwa sababu ya shaka. Sikusema hakuiba. Mahakamani shaka ni mali ya mshtakiwa. Hapa nyumbani shaka ni mali yako wewe, mwanangu, nami nimekutunzia."

Mwalimu, ambaye alipenda utani, akamwambia binti yake, "Kata rufaa." Loveness akakata kweli. Alianza kwa baba yake, baba akamkubalia. Elizabeti akapinga, suala likapanda kwa mjomba mkubwa kule Amani, mzee ambaye ukoo wote ulimwogopa. Mjomba naye akasema binti aolewe. Marehemu alilalamika kwamba huko juu wanaamua bila kumtazama mtu, lakini alitii, maana hukumu hutiiwa hata isipopendwa. Loveness na Innocent walifunga ndoa tarehe 25 Julai 2009. Picha ya harusi ipo, na mama wa bibi harusi anamtazama bwana harusi kwa jicho lilelile la barazani.

Kutii ni jambo moja, kuamini ni jambo jingine. Loveness aliishi kwa miaka na kidonda kimoja tu, kwamba mama yake hamwamini mume wake. Innocent akileta sukari, sukari ilipelekwa dukani ikapimwe. Elizabeti alimpa kazi Mwamvua, jirani yao kule Muheza, amletee habari za nyumba ile. Baada ya muda Mwamvua alichoka akasema, "Mama Wilfred, miye nimechoka kumpeleleza mtu anayechota maji na kulala mapema. Nitafutie mwizi basi!"

Innocent hakuwahi kukasirika mbele yetu. Alizoea kufika Mwera, akasimama mlangoni, akafungua mkoba wake kabla ya kuambiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Fungua na mfuko wa pembeni."

Na kila Krismasi, baada ya chakula, Elizabeti alimuuliza lile lile: "Usiku ule ulikuwa wapi?" Naye alijibu lile lile: "Mama, nilisema sikuiba." Alikokuwa usiku ule, hadi leo hajasema, na hata Ruthi anayeandika haya angependa kujua.

Mwaka 2023 marehemu alianza kuumwa figo. Zahanati walipomwambia, hakuamini, akaenda hospitali ya wilaya. Huko nako hakuamini, akaomba apelekwe hospitali ya rufaa Tanga, na daktari wa pale alipomweleza jambo lile lile, alimwomba alieleze tena akianzia mwisho. Katika safari zote hizo aliyembeba mgongoni kupanda na kushuka kivuko alikuwa Innocent. Shukrani hakupewa, ila kuambiwa atembee taratibu.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili mwaka huu wa 2025, aliita kikao cha ukoo nyumbani kwake. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ya baraza. Akasema kwamba akifa, msimamizi wa mirathi yake awe Innocent.

Wilfred akasimama. "Mama, mimi mwanao nipo! Unampa mtu aliyesimama mbele yako kizimbani?"

"Kaa, mwanangu," alisema. "Wewe nimekuamini kwa sababu nilikuzaa, na huo si ushahidi. Sikuwahi kukuchunguza hata siku moja. Huyu nimemchunguza miaka ishirini na moja. Nimetafuta kila mahali, nimekosa."

Innocent alitoka nje, akaenda nyuma ya jiko, akalia kwa sauti. Loveness alimfuata. Elizabeti akaagiza mlango ufungwe, wasitazamwe.

Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa sita mchana, katika hospitali ya rufaa, akiwa ameshikwa mkono na binti yake.

Mirathi itafunguliwa mahakama ya mwanzo kama alivyoagiza. Mwenye pingamizi asinong'one msibani. Apeleke pale, na asiporidhika ipo ya wilaya, na juu yake Mahakama Kuu, ngazi ni zile zile. Ila ajue kwamba yule aliyeketi chini kabisa ameshaamua, na yeye ndiye aliyemtazama mtu usoni.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume, Wilfred, ambaye jana jioni alikwenda Muheza kumfuata shemeji yake wachague pamoja mbao za jeneza hili, binti mmoja, Loveness, mdogo mmoja, Ruthi, wajukuu watano, mkubwa wao Queen, na mkwe mmoja, Innocent, ambaye hana shaka tena ya kujibu.

Mungu aliyemuumba na jicho kali ampokee kwa jicho la huruma, na udongo wa Mwera uwe mwepesi juu yake.