Kitabu Nilichokiweka Chini ya Hita

Hamjambo wanangu. Walter, funga huo mlango, na wewe Kerubo nyamaza kwanza, mnitegee sikio, maana nesi amesema wananipeleka oparesheni saa nne na pumzi yangu si ya kupoteza.

Nyumba yetu ya huku ugenini, ya Stechford, ni yenu wawili, sawasawa, msiigombanie. Koti langu la kiwandani mpeni Gurmit, mwenzangu wa kazi, tumetembea pamoja kwenda zamu ya asubuhi miaka tisa.

Sasa lile lililonikaa rohoni. Kerubo, uliponifundisha kusoma, mimi mtu wa miaka hamsini na sita, uliniletea kitabu cha wakulima wa Ufini. Nikakucheka mbele ya wageni wako. "Wazungu wa theluji wanajua nini kuhusu jembe? Mzungu shambani ni bwana, yuko juu ya farasi." Nikakisukuma chini ya mguu wa hita isiyumbe. Ukatoka, miezi minane hukukanyaga kwangu. Nilijua nimekosa, mdomo ukagoma.

Halafu wachimba makaa ya mawe wakagoma, mitambo ikakosa moto, umeme ukakatika, hita ikawa chuma tu. Nikakitoa kile kitabu, nikakaa dirishani mchana, nikasoma kwa kidole, neno kwa neno. Mle kuna mzee, mweupe kabisa, amelima kinamasi mpaka kikatoa shayiri, na ardhi si yake. Lazima amvunie tajiri kwanza, yake inaoza na mvua. Halafu anafukuzwa. Wanangu, huyo ni babu yenu, skwota wa Molo, aliyelima kwenye shamba la mzungu! Hata kikohozi ni kile kile. Nikalia, mimi ambaye sikulia walipotufukuza kule Molo na kubomoa nyumba yetu.

Nisamehe, Kerubo, mama. Nilimdharau babu yako bila kujua.

Walter, acha kutabasamu. Wewe unayesema vitabu vya wakulima ni vya kulaza ng'ombe, utakisoma. Ni urithi kama nyumba. Na dada yako asikwambie maana ya neno gumu... tafuta mwenyewe, kama mimi.

Hao wamekuja na kitanda. Ngojeni kidogo, bwana... Kitabu ni hiki mkononi, nimefika ukurasa wa mia mbili na kumi. Mzee amerudi kuona shamba lake, amesimama getini, theluji mpaka magotini. Sijui kama watamfungulia. Kerubo, weka kidole hapo. Usinisimulie mwisho.

Mungu awalinde... awape ardhi isiyo na bwana...

Kidole, mama, usikitoe. Narudi nimalizie mwenyewe.