Mwalimu Kristofa Ntakije, Aliyeivaa Jezi Namba Mbili na Kuigawa

Baba Paroko, wazee wetu, walimu mliofundisha na marehemu, majirani wa Nguvumali, nanyi mliotoka Mwera tangu alfajiri, familia inawashukuru kwa kukaa juani pamoja nasi. Historia hii imeandikwa na kikao cha familia cha juzi Jumatatu, na inasomwa na Anold, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, ambaye humu anatajwa kwa jina kama wengine, kwa kuwa ameagizwa asome kilichoandikwa, asitie chumvi wala asipunguze. Anaomba asamehewe ikiwa sauti yake itakuwa kavu, maana tangu Jumapili machozi hayajamtoka, na mwenyewe hajui yamekwenda wapi.

Mwalimu Kristofa Ernesti Ntakije alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, Mwera, wilayani Pangani, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Ernesti, mkata mkonge ambaye baba yake aliletwa kutoka Kasulu enzi za manamba, na mama Praxeda, ambaye yuko nasi hapa mbele. Anold alizaliwa mwaka 1989, baada ya watoto wawili waliofariki wangali wachanga, ndiyo maana kati ya ndugu hawa kulikuwa na miaka sita, na ndiyo maana Anold alilelewa kumwamkia kaka yake shikamoo kila asubuhi, mara moja, kama anavyoamkiwa baba, na kabla ya kuamkia hakuna aliyegusa chai.

Marehemu alisoma shule ya msingi hukohuko Mwera kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, sekondari hapa Tanga hadi 2001, na chuo cha ualimu mkoani Arusha kuanzia 2003 hadi 2005. Huko chuoni ndiko alikoukuta mchezo wa raga, kwa sababu siku moja timu ilipungukiwa na mtu, naye alikuwa na shingo nene ya kubeba matita ya mkonge kila likizo.

Januari 2006 aliajiriwa kufundisha hesabu katika shule ya msingi hapa mjini, na jioni aliwafundisha vijana wa mtaa raga, ambayo Nguvumali nzima iliiita mpira wa yai. Wiki ya kwanza mwenyekiti wa mtaa, mzee Shekhe, aliitwa mbio aje kuamua ugomvi, akakuta vijana kumi na sita wamekumbatiana, vichwa chini, wanasukumana, akauliza nani kaanza, na alipoelezwa kwamba huo ndio mchezo wenyewe, alivuta kiti akatazama mpaka mwisho. Mzee Shekhe yuko hapa, na kiti ni kilekile.

Kuanzia 2009 hadi 2014 marehemu aliichezea timu ya taifa akivaa jezi namba mbili, ya mtu anayekaa katikati ya mstari wa mbele pale timu zinaposukumana, mahali ambapo mzigo wote unaangukia shingo na kichwa. Alicheza mechi kumi na moja, wakafungwa nane, na hesabu hiyo hakupenda ifichwe. Tarehe 25 Septemba 2010 alifunga ndoa takatifu na Consolata, binti wa Muheza, wakajaliwa watoto wawili, Veneranda na Ernesti. Mwaka 2016 aliteuliwa kuwa mmoja wa wachaguzi watatu wa timu ya taifa, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya wachezaji kusoma majina, akianzia namba moja, bila kumtazama mtu usoni.

Jumamosi tarehe 1 Juni 2019 wachezaji arobaini walijaribiwa hapa Tanga, kwa ajili ya mechi ya kimataifa iliyokuwa ichezwe Dar es Salaam baada ya wiki mbili. Kwa namba mbili walibaki wawili, Anold, na Mselem wa Kigombe. Anold alikuwa na miaka thelathini, alikwisha kuitwa mara nne na kuachwa mara nne, na kila mtu uwanjani, Mselem mwenyewe akiwamo, alijua kwamba safari hii jezi ni ya Anold. Dakika za mwisho aligongwa kichwani na goti la mtu, akalala, akainuka, akamwambia daktari wa timu kwamba hana kitu, akamaliza mchezo.

Jumapili asubuhi ndugu hawa walikunywa chai kwa mama yao, na kuanzia hapa kikao kimeagiza pasirukwe neno. Anold alimwamkia kaka yake shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akamega chapati, akamwamkia tena, akaitikiwa. Kabla chai haijaisha akamwamkia mara ya tatu, kwa sauti ileile, na uso wa mtu aliyeingia sasa hivi. Marehemu aliitikia zote tatu, akaweka kikombe chini, na mchana ule, alipofika namba mbili, akasoma jina la Mselem.

Anold alimfuata akamuuliza sababu, marehemu akamweleza kwamba kichwa chake hakiko sawa, ameamkia mara tatu kwa chai moja. Anold alikumbuka moja tu. Wakaenda kwa mama yao, na mama, alipoulizwa, akasema amesikia moja. Hapo Anold alimwita kaka yake mwongo, kwamba anaogopa watu watasema kabeba ndugu yake, basi kamtungia ugonjwa. Marehemu hakubishana na mama yake. Mechi ilichezwa tarehe 15 Juni, tukafungwa, Mselem alicheza vizuri, mwaka uliofuata ikaja korona, na Anold hakuitwa tena. Tangu siku ile hakumwamkia kaka yake.

Machi 2023 marehemu aligundulika kuwa figo zake zimeshindwa kazi, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Anold alimpeleka kwa bajaji yake miaka miwili na miezi mitano, hakukosa hata siku moja, na hakumwamkia hata siku moja. Alifika, akapiga honi, akasema twende, na marehemu akajibu twende. Marehemu alifariki dunia Jumapili tarehe 17 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, Anold akiwa mlangoni pa wodi na chupa ya uji.

Juzi kikaoni, tulipofika mwaka 2019, mama Praxeda aliinua mkono akasema, mie nilizisikia zote tatu. Alisema alikwisha kuwatangazia akina mama wa jumuiya kwamba mwanawe wa mwisho atacheza mbele ya taifa, akaogopa isije ikasemwa kwamba kijana karukwa na akili, akadhani wanawe watapatana kabla ya Krismasi, na Krismasi sita zimepita. Wazee walitaka jambo hili lifunikwe. Mama alikataa, akasema hataki Kristofa azikwe na jina la mwongo. Anold aliuliza viti vya kukodi vinafika saa ngapi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu na wanafunzi wake, majirani waliopika na kulala nasi, wachezaji wa zamani na wa sasa, na Mselem, ambaye amebeba jeneza kwa mbele, bega la kulia. Mama naye hatukumwacha, anashukuriwa kwa kusema.

Kikao kimeishia hapo. Asubuhi hii, kabla jeneza halijafunikwa, Anold aliingia peke yake, akasimama, midomo ikakataa kufunguka, akatoka. Kwa hiyo ameomba aongeze mstari mmoja ambao haukuandikwa, na wazee wamemruhusu.

Shikamoo kaka. Shikamoo kaka. Shikamoo kaka.

Pumzika kwa amani.